SOMO LA FAMILIA: Tuujue Mpaka wa Gisenyi, Watu Wake na Miaka Yake

Somo letu la mara hii ni somo la mahali. Tunaomba lisomwe nyumbani jioni, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza, kisha mjibu pamoja maswali yaliyo mwishoni.

Kwa nini tunajifunza haya

Wengi wetu tulipita Gisenyi. Wengine tulipita kwa miguu, wengine kwa lori, wengine tukiwa mgongoni mwa mama. Lakini muulize kijana wa kambini, "Gisenyi ni nini?" Atakujibu, "Ni pale mpakani," naye amemaliza. Muulize mzee, "Mlivuka mwaka gani?" Atajibu, "Mwaka wa volkano." Volkano ipi? Ile ya 1977, ya 2002 na ya 2021 ni mambo matatu mbalimbali, na kati ya ya kwanza na ya mwisho imepita miaka 44.

Kutojua huku kunatuletea hasara mbili. Hasara ya kwanza ni ya karatasi. Mtu anapoulizwa ofisini safari yake ilikuwaje, baba anataja mwaka mmoja, mama mwingine, mtoto wa tatu, na familia iliyosema kweli inaonekana kama inaficha jambo. Hapa hatumfundishi mtu kutunga maneno, tunamsaidia kukumbuka yaliyompata kwa mpangilio wake.

Hasara ya pili ni ya moyoni. Mtoto asiyefundishwa habari za kwao na wazazi wake atazipata njiani, zikiwa zimechanganywa na chuki. Ataambiwa kwamba watu fulani ndio wakimbizi siku zote na watu fulani ndio wafukuzaji siku zote. Wana wa Israeli walipovuka Yordani, Yoshua alisimamisha mawe 12 kule Gilgali ili watoto watakapouliza wapate jibu. Sisi hatukubeba mawe. Basi tubebe majina na miaka.

Sehemu ya 1: Mahali penyewe

Gisenyi ni mji ulio ukingoni mwa kaskazini wa Ziwa Kivu, upande wa Rwanda. Umepakana na Goma ya Kongo, na nyumba za miji hii miwili zinatazamana. Watu wanauliza, "Je, ni Gisenyi au Rubavu?" Yote mawili ni sahihi. Zamani kulikuwa na mkoa ulioitwa Gisenyi. Rwanda ilipopanga upya utawala wake mwanzoni mwa 2006, mikoa ile ya zamani iliondolewa, na mji ukawa katika Wilaya ya Rubavu, Jimbo la Magharibi. Jina Rubavu ni pia jina la mlima ulio juu ya mji. Kwa hiyo mzee anayesema "Gisenyi" na kijana anayesema "Rubavu" wasigombane.

Kuna njia mbili zinazojulikana sana za kuvuka. Moja ni ile inayoitwa Petite Barrière, ndiyo ya wachuuzi wadogo, akina mama wenye mabeseni ya mboga na walemavu wenye baiskeli zao za mizigo. Nyingine ni Grande Barrière, iliyo karibu na ziwa. Siku za amani watu wanaovuka huhesabiwa kwa makumi ya maelfu kwa siku moja. Mwenye kuvuka asubuhi kwenda kuuza na kurudi jioni haoni ajabu. Kwake mpaka ni mlango wa soko tu.

Kaskazini ya miji hii kuna mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470 hivi kutoka usawa wa bahari. Ni mojawapo ya volkano zenye hatari kubwa Afrika, kwa sababu moto wake una uji mwepesi unaokimbia, na watu wanakaa karibu nao. Kusini ya mji, mto Sebeya unaingia ziwani. Mwanzoni mwa Mei 2023 mto huu ulifurika usiku wa mvua kubwa, na watu zaidi ya 130 wakafa katika sehemu za magharibi na kaskazini mwa Rwanda, wengi wao wakiwa wamelala.

Ziwa Kivu nalo si ziwa la kawaida. Lina kina cha mita zinazokaribia 480, na chini kabisa maji yamebeba gesi nyingi: methani, ambayo inawaka, na hewa ya ukaa. Tangu 1963 gesi hiyo ilitolewa Rubona, karibu na Gisenyi, ili kuwasha mitambo ya kiwanda cha bia. Leo gesi ya ziwa hili inatoa umeme. Ndiyo maana wazee walisema ziwa hili lina moto chini ya maji, wala hawakukosea sana.

Sehemu ya 2: Mpaka ulikujaje

Wengi husema mpaka wetu ulichorwa Berlin mwaka 1885. Hilo ni nusu ya ukweli. Mwaka 1885 mistari ya kwanza iliwekwa kwenye karatasi wakati hakuna Mzungu hata mmoja aliyekuwa amefika Ziwa Kivu. Walichora penseli juu ya nchi wasiyoijua.

Mwaka 1894 Mjerumani mmoja, Gustav Adolf von Götzen, aliingia Rwanda kutoka mashariki na msafara wake. Alikutana na Mwami Kigeli IV Rwabugiri, mfalme mwenye vita vingi, kisha akafika Ziwa Kivu na kupanda Nyiragongo. Vitabu vya zamani vinasema "alivumbua" ziwa. Watoto wetu wafahamu kwamba ziwa lilikuwa na wavuvi, mitumbwi na watu wa kisiwa cha Idjwi miaka mingi kabla yake. Yeye alilipeleka kwenye ramani za Ulaya tu. Rwabugiri alifariki mwaka uliofuata, 1895. Götzen baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na katika utawala wake vilianza vita vya Maji Maji mwaka 1905 kule Tanganyika.

Habari za ziwa zilipofika Ulaya, ugomvi ulianza. Wajerumani walidai huku, Wabelgiji walidai huku, Waingereza nao walitaka sehemu yao kaskazini. Mambo yalimalizwa Brussels mwezi Mei 1910. Huko ndiko ilipokubaliwa kwamba Gisenyi, ambayo Wajerumani waliiandika Kissenyi, ibaki kwao, na Goma pamoja na kisiwa cha Idjwi viwe vya Ubelgiji. Bufumbira ikaenda kwa Waingereza, ndiyo ile sehemu ya Kisoro, Uganda. Mwami Yuhi V Musinga, aliyetawala Rwanda wakati ule, hakuwa na kiti mezani. Wala machifu wa upande wa Kongo hawakuulizwa.

Basi mwaka wa kukumbuka ni 1910. Mtu aliyelala mwana wa nchi moja aliamka na ndugu yake akiwa nchi nyingine. Lugha hazikuhama, mashamba hayakuhama, makaburi hayakuhama. Mstari tu ndio uliowekwa.

Miaka minne baadaye wenye mstari walianza kupigana. Mwezi Septemba 1914 Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi. Vita vya Gisenyi viliendelea mpaka Mei 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Rwanda na Wajerumani wakaondoka. Watu wetu walibebeshwa mizigo ya pande zote mbili. Wahenga walisema, wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Baada ya hapo Ubelgiji ulitawala pande zote mbili za mpaka. Kuanzia 1937 mpaka 1955 serikali yake ilihamisha familia nyingi kutoka Rwanda kwenda Gishari na Masisi, ili wakalime na kufanya kazi. Hapa wasomaji wetu wawe makini. Kuna familia zinazosema Kinyarwanda ambazo zilikuwa upande wa Kongo kabla ya 1910. Kuna zilizopelekwa na Wabelgiji tangu 1937. Kuna zilizokimbilia huko kuanzia 1959. Ni safari tatu, wala si moja. Mwenye kuzichanganya, awe rafiki au adui, anakosea, na kosa hili limemwaga damu. Hata sheria za uraia zilibadilika juu ya watu hawa: mwaka 1972 Zaire iliwapa uraia wale waliokuwa Kivu kabla ya 1950, mwaka 1981 ikaufuta, na mwaka 2004 Kongo ikatunga sheria nyingine inayotambua makabila yaliyokuwa ndani ya nchi wakati wa uhuru wa 1960. Kila baba na ajue babu yake alikuwa katika safari ipi.

Jambo moja la furaha: tarehe 20 Septemba 1976, hapo hapo Gisenyi, marais wa Zaire, Rwanda na Burundi walitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ile inayojulikana kwa herufi CEPGL. Makao yake makuu yaliwekwa Gisenyi. Kwa hiyo mji huu haukuwa mji wa kukimbia tu. Ulikuwa pia mji wa kupatana.

Sehemu ya 3: Watu wawili wa kukumbuka

Wa kwanza ni Askofu Aloys Bigirumwami. Alizaliwa 1904. Nyundo, kilima kilicho karibu na Gisenyi, ilikuwa na misheni ya Wakatoliki tangu 1901. Mwaka 1952 Bigirumwami aliwekwa kuwa askofu huko, naye akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kupewa uaskofu katika makoloni yote ya Ubelgiji, yaani Kongo, Rwanda na Burundi. Watu walikuwa wakisema kazi hiyo haiwezekani kwa mtu mweusi. Aliifanya mpaka 1973. Tena hakudharau mambo ya kwao: alikusanya mila, methali na hadithi za Wanyarwanda akaziandika vitabuni zisipotee. Alifariki 1986. Sisi ambao wazee wetu wanatuacha kambini mmoja mmoja, bila mtu kuandika wanayojua, tumtazame huyu.

Wa pili ni mwanamke, Félicité Niyitegeka. Alikuwa mtumishi wa Kanisa Katoliki, msimamizi wa kituo cha Saint Pierre hapo Gisenyi. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, watu walikimbilia kwake. Aliwaficha, na usiku aliwasaidia kuvuka mpaka kwenda Goma. Yeye mwenyewe alikuwa Mhutu, na ndugu yake alikuwa afisa mkubwa wa jeshi. Ndugu huyo alimtaka aondoke ili aokoe maisha yake. Alimjibu kwa barua kwamba hataondoka na kuwaacha watu zaidi ya 40 waliokuwa mikononi mwake. Tarehe 21 Aprili 1994 wauaji walimchukua pamoja na wenzake mpaka kwenye makaburi ya mji, mahali palipoitwa Commune Rouge, wakawaua. Alikuwa na umri wa miaka ipatayo 60. Leo pale pana kumbukumbu ya mauaji, na Rwanda imemweka katika orodha ya mashujaa wa taifa, daraja linaloitwa Imena.

Tuone jambo moja hapa. Mama huyu hakuwa na bunduki wala cheo. Alikuwa na nyumba, ufunguo wa mlango, na njia ya kwenda mpakani. Alitumia vyote vitatu.

Sehemu ya 4: Waliovuka, na lini

Sasa tufuate miaka. Ninyi mnaosoma kwa sauti, someni polepole, na mwenye familia aseme, "Hapa ndipo tulipokuwa," au, "Hapa sisi bado."

1959 na miaka iliyofuata. Watutsi wanakimbia Rwanda. Baadhi wanaelekea Kivu.

Aprili 1994. Wanaowindwa katika mauaji ya kimbari wanajaribu kuvuka kwenda Goma. Wengine wanafika, wengine wanauawa karibu kabisa na mpaka.

Julai 1994. Serikali iliyosimamia mauaji imekimbilia Gisenyi, na jeshi la RPF linakaribia. Kwa siku chache, katikati ya mwezi, watu wanaokadiriwa kati ya 800,000 na milioni moja wanavuka kwenda Goma. Ndani ya umati huo walikuwamo wazazi na watoto wasio na hatia, na walikuwamo pia wauaji wenye silaha. Kipindupindu na magonjwa mengine ya tumbo viliua watu karibu 50,000 katika mwezi wa kwanza, kwa kuwa ardhi ya pale ni mawe ya volkano: kisima hakichimbiki, wala kaburi.

Novemba 1996. Kambi ya Mugunga inavunjika. Kuanzia tarehe 15 watu karibu nusu milioni wanarudi Rwanda kwa miguu kupitia Gisenyi, katika siku chache. Wakati huo huo Wakongomani Watutsi waliofukuzwa Masisi na Rutshuru walikuwa tayari wamevuka kuja Rwanda, na wengine wakaendelea kuja.

Agosti na Desemba 1997. Katika kambi ya Mudende, si mbali na Gisenyi, mahali palipokuwa na chuo kikuu cha Waadventista tangu 1984, wakimbizi wa Kongo wanashambuliwa usiku mara mbili. Mamia wanauawa. Waliopona wanahamishiwa Gihembe, Byumba. Kambi ya Gihembe nayo ilifungwa 2021, na watu wake wakapelekwa Mahama. Kwa hiyo kuna mama kati yetu ambaye amehamishwa mara tatu akiwa mkimbizi yule yule.

17 Januari 2002. Nyiragongo unapasuka. Moto unakata mji wa Goma katikati, unafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Watu kati ya 300,000 na 400,000 wanakimbia, wengi wao kwenda Gisenyi. Baada ya siku chache wengi wanarudi, mawe yakiwa bado ya moto.

Novemba 2012. Waasi wa M23 wanaingia Goma tarehe 20. Watu wanavuka tena.

22 Mei 2021. Nyiragongo unapasuka Jumamosi jioni. Moto unasimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma, lakini watu zaidi ya 30 wanakufa. Matetemeko yanafuata na kupasua nyumba za Gisenyi pia. Tarehe 27 watu wa sehemu kubwa ya Goma wanaamriwa kuondoka, na maelfu wanapokelewa Rubavu.

Mwisho wa Januari 2025. M23 wanaichukua Goma. Mabomu yanaanguka hata upande wa Rubavu na kuua wakaaji wa pale. Watu wanavuka tena.

Mlipuko wa tarehe 10 Januari 1977 tumeuweka peke yake, kwa sababu wengi huusahau. Ziwa la moto lililokuwa juu ya mlima lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja, likaunguza vijiji vya upande wa Kongo. Mzee anayesema alikuwa mtoto mdogo wakati wa volkano, basi, huenda anasema juu ya huu.

Sehemu ya 5: Tujifunze nini

Kwanza, mpaka huu umevukwa kwa pande zote mbili. Waliokimbia kuelekea Kongo, watoto wao wamekimbia kuelekea Rwanda. Wahutu wamevuka, Watutsi wamevuka, Wanande, Wahunde na wengine wamevuka. Nyiragongo haukuuliza kabila la mtu. Kwa hiyo mtoto wetu akimcheka mwenzake kwa neno "mkimbizi," mfungulie Sehemu ya 4 asome.

Pili, kuvuka pamoja hakufanyi mambo yote kuwa sawa. Aliyekimbia volkano, aliyekimbia wauaji na aliyekimbia akiwa ameua si watu wa hesabu moja. Tukisema "wote tuliteseka" na kunyamaza hapo, tunawanyima waliouawa haki yao. Tuseme jambo kwa jina lake na mwaka wake, halafu tusiubebeshe mzigo wa muuaji mtoto wake asiyekuwa amezaliwa.

Tatu, kila mara watu walipovuka, kulikuwa na mtu upande wa pili aliyefungua mlango. Mara nyingi jina lake halijaandikwa popote. Sisi tunaweza kuliandika.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Mpaka kati ya Gisenyi na Goma ulikubaliwa mwaka gani, katika mji gani, na mataifa gani matatu?
2. Taja safari tatu tofauti za watu wanaosema Kinyarwanda upande wa Kongo. Familia yenu, au ya jirani yenu, ni ya ipi?
3. Askofu Bigirumwami alikuwa wa kwanza katika jambo gani? Aliandika nini?
4. Félicité Niyitegeka angeweza kuondoka. Kwa nini hakuondoka? Mngefanya nini?
5. Taja miaka mitatu ambayo Nyiragongo ulipasuka.

Vijana wanaojiandaa kwa mashindano ya maswali, majibu ya 1, 3 na 5 yamo yote ndani ya somo. La 2 na la 4 hayamo. Muulizeni wazee.

Kazi ya familia

Chukueni daftari moja la shule. Ukurasa wa kwanza andikeni: tulitoka kijiji gani, tulivuka mwaka na mwezi gani, kwa njia ipi, tulikuwa wangapi, nani alibaki nyuma. Ukurasa wa pili andikeni jina la mtu aliyewapokea usiku wa kwanza, hata kama alitoa maji tu. Mahali msipokumbuka, acheni nafasi, msijaze kwa kubahatisha. Mzee asiyejua kuandika na aseme, mjukuu aandike. Daftari hilo lifungwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi zenu za ukimbizi, ili siku ya kuhama tena lisibaki nyuma.